Moshi wa Nyumba ya Nyakio

Siku hizi Rispah Mugure hawezi kununua unga wa ugali Mount Druitt, magharibi mwa Sydney, kwa amani. Akiingia tu lile duka la Waafrika karibu na stesheni, muuzaji huanza kuimba kiitikio, wateja hugeuka, na mtu aliyefuata kilo mbili za unga hutoka saa nzima baadaye akiwa amepigwa picha na familia tatu. Wimbo wenyewe una miaka yake sasa. Nyimbo za mtandaoni kwa kawaida huvuma mwezi mmoja zikasahaulika, lakini huu umekataa kusahaulika. Unapigwa Nyandarua, unapigwa Arusha, unapigwa katika kambi za wakimbizi ambazo Rispah hajawahi kuzikanyaga. Wapo Wazungu wa Sydney wasiojua Kiswahili hata cha kuombea maji ambao huuimba wote, na wakifika penye neno "Mama" huweka mkono kifuani.

Watu husema korona ndiyo iliyomtoa. Husema hivyo kwa wivu kidogo, kana kwamba bahati hiyo aliiokota kwenye foleni ya kupimwa pua. Hawajui kwamba kwa siku arobaini na moja wimbo huo ulimnyang'anya mama yake.

Rispah alizaliwa Kinangop, Kenya, huko juu ambako baridi haina adabu. Alipokuwa na miaka tisa, baba yake, Kibe, alikufa kwa homa ya mapafu. Akamwachia mkewe Nyakio watoto wanne, nusu eka ya viazi na redio. Viazi viliweza kuunguzwa na barafu ya alfajiri moja tu, na mara nyingi viliunguzwa. Redio ilidumu. Betri zikichoka, Nyakio alizianika juani juu ya bati pamoja na mahindi, zikapata nguvu ya Jumapili moja. Jumapili jioni ndipo kilipokuja kipindi cha muziki wa kantri.

Watu wa milimani wanaupenda muziki huo kupita kiasi, na asiyejua sababu hajawahi kulima viazi. Waimbaji walikuwa Wamarekani, lakini waliimba mvua, ng'ombe, mama aliyezeeka na mtoto aliyekwenda mbali. Rispah hakujua Kiingereza. Mvua na ng'ombe alivijua vizuri, na alipoanza kujifunza gita la kanisa, nyimbo hizo ndizo zilizotoka vidoleni mwake kabla ya tenzi za rohoni. Mchungaji alinung'unika, kisha akazoea.

Tena palikuwa na jambo la moshi. Pale kwao kila nyumba iliiona nyingine, na nyumba isiyotoa moshi jioni ilikuwa imejitangaza. Kwa hiyo kila siku saa kumi na mbili Nyakio aliwasha moto, kiwepo cha kupika au kisiwepo. Kisipokuwepo alibandika maji, akafunika sufuria, akawaketisha watoto kando ya jiko kama watu wanaongoja. Mtu akipita njiani alimwita kwa sauti kubwa, "Karibu, kinakaribia kuiva!" Naye mpita njia, kwa adabu za kule, alijibu kwamba ahsante, ametoka kula sasa hivi. Ng'ambo ya kijito ilikuwapo nyumba ya mjane mwingine, Wakonyo, ambayo moshi wake ulikuwa mzito kuliko wote. Nyakio aliutazama mlangoni na kusema kwa uchungu, "Wale wanakula." Kisha alirudi ndani kukoroga maji. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata za Nyakio zilikuwa nne, zote zimefunzwa kunyamaza.

Mtoto aliyenyamaza hivyo alikua, akasoma kwa kuungaunga, na akiwa na miaka thelathini na tano akafika Sydney kusomea kutunza wazee. Kazi hiyo ndiyo aliyobaki nayo: kuwaosha wazee, kuwageuza kitandani, kuwalisha, kuitwa majina ya mabinti zao. Alipanga nyumba ya vyumba viwili Mount Druitt pamoja na Chibalonza, Mkongo wa upande wa Bukavu waliyefanya naye kazi. Chibalonza alikuwa na moyo mpana na mdomo usiojua kunong'ona. Jumamosi Rispah alikwenda mtaa wa Minto kwa Muriuki, mtu wa Nyeri aliyeendesha mashine ya kunyanyulia mizigo ghalani wiki nzima na kupiga gita la kantri mwisho wa wiki. Wakenya walichoma nyama, Rispah aliimba nyimbo za Wamarekani walewale wa redioni, watu wakamsikiliza huku wakitafuna. Miaka kumi aliimba hivyo. Alikuwa na sauti nzuri, kila mtu alikubali, na hakuna aliyemwomba arudie.

Kisha ukaja mwaka elfu mbili ishirini na moja na kufungiwa kule kwa pili. Magharibi mwa Sydney ndiko walikofungiwa hasa. Polisi barabarani, helikopta juu, kibali cha kwenda kazini, na Minto ikawa mbali kama Nairobi. Mwezi wa saba Chibalonza alipatikana na korona, wote wawili wakaamriwa wasitoke siku kumi na nne. Unga ukaisha siku ya saba. Sanduku la msaada likaja lina makopo sita ya bitiruti na kile kitu cheusi cha kupaka mkate, lakini mkate wenyewe haukuwamo.

Siku ya tisa Nyakio alipiga simu kutoka Kinangop kwa simu yake ya tochi, akauliza swali ambalo huliuliza kabla ya salamu: "Mmekula nini leo?"

"Tumepika pilau, Mama," Rispah alisema. "Nyama mpaka imebaki."

Chibalonza, aliyekuwa ameketi kwa mbali na kijiko cha bitiruti, alingoja simu ikatike. "Dada, ile pilau iko wapi? Na mimi unionyeshe, nisife bila kuonja."

Walicheka mpaka Chibalonza akakohoa. Lakini kicheko kilipokwisha Rispah alianza kulia, na hakuweza kujizuia. Alikuwa amemsikia mama yake ndani ya kinywa chake mwenyewe. Aliwaza jioni zile zote, mwanamke wa miaka thelathini na kitu akikoroga maji mbele ya watoto wake, na akampenda kwa namna ambayo hakuwahi kupata maneno yake. Maneno yalikuja siku hiyo. Hakuwahi kutunga wimbo maishani, na huu aliutunga kwa alasiri moja, nyuma ya karatasi ya maelekezo ya kujitenga.

*Washa moto, Mama, moshi upande juu,*
*jirani akitazama ajue tuna nafuu;*
*maji yatokote, ndani hamna kitu,*
*na njaa yetu, Mama, iwe siri yetu tu.*

Muriuki alirekodi gita kwenye gereji yake na kulituma kwa WhatsApp. Rispah alijifungia katika kabati la nguo ili makoti yazuie kelele za nje, akaimba. Kabla ya kuimba alifanya jambo ambalo mtu yeyote aliyelelewa na vipindi vya salamu redioni angelifanya bila kufikiri, kwani watu hao hawawezi kutuma wimbo bila anwani. Alisema: "Wimbo huu umwendee mama yangu Nyakio, mjane wa Kibe, wa kule juu Kinangop, nyumba ya kwanza ukivuka daraja la mbao. Aliwasha moto bila chakula, nasi tukaishi."

Alidhani anamheshimu. Muriuki akautia mtandaoni siku ya Ijumaa.

Kufika Jumatatu simu ya Muriuki ilikuwa imechoka kulia. Wauguzi waliutumiana, madereva wa malori wakautumiana, makanisa yakaubishania. Wiki ya pili redio za Kenya ziliupiga asubuhi na jioni. Watu waliofungiwa majumbani, waliokuwa wakiwadanganya jamaa zao kila siku kwamba wako salama, walisikia neno lao limesemwa. Rispah alirudi kazini akakuta mwuguzi mkuu anauimba bila kujua ni wa nani, na furaha aliyoipata ilimfanya avae barakoa juu chini.

Furaha hiyo ilidumu siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu Nyakio alikuwa amepanga foleni na ndoo yake pale wanapokusanyia maziwa, na lori la maziwa likaja redio ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho. Alisikia sauti ya binti yake. Akasikia jina lake, jina la marehemu mumewe, na daraja la mbao. Akasikia yaliyobaki. Foleni nzima iligeuka kumtazama, na watu aliowakaribisha chakula miaka ile yote wakajua walikuwa wakikaribishwa maji. Nyakio aliyaacha maziwa palepale akaenda nyumbani.

Alipiga simu mara moja tu. Kikuyu chake ni cha zamani, hakina haraka, na safari hii kilikuwa cha polepole zaidi.

"Umenivua nguo mbele ya watu, Rispah. Na umeimba kwa kinywa chako mwenyewe kwamba ni siri yetu. Yetu na nani sasa? Yetu na dereva wa maziwa?"

Akakata. Tangu hapo hakupokea. Abednego, kitinda mimba aliyebaki nyumbani, alieleza kwamba Mama ameacha kwenda kanisani, ameacha chama cha akina mama, na saa za jioni hufunga mlango mapema. "Ameniambia nikwambie uache kupiga," Abednego alisema, na sauti yake haikuwa ya mtu anayemwonea dada yake huruma.

Ubaya ni kwamba wote wawili walikuwa na haki. Katika kantri, mtu husimama mbele ya halaiki akasema, tulikuwa maskini, na halaiki humpigia makofi. Muziki wote umejengwa juu ya hilo. Rispah aliunyonya kutoka redioni tangu mdogo, akaamini kwamba umaskini ukishapita ni sifa. Nyakio ndiye aliyezianika betri za redio hiyo, lakini hakuwahi kudhani kwamba wale Wamarekani wana mama zao, walioko mahali fulani, wanaosikiliza. Kwake yeye dhiki ni shimo. Ukishatoka unalifukia, tena unapanda nyasi juu yake. Kazi ngumu kuliko zote aliyofanya duniani ilikuwa kuificha njaa isionekane, na aliifanya vizuri miaka minane. Binti yake aliibomoa kwa dakika nne.

Kosa la namna hii haliombewi radhi kwa simu. Linataka miguu. Linataka sukari na majani ya chai kwenye kiondo, mtu aketi kwenye kigoda kifupi asiinue macho. Rispah angekwenda hata kwa kukopa likizo ya mwaka ujao, lakini nchi ilikuwa imefungwa, ndege hakuna, na ruhusa ya kutoka ilikuwa ya watu wenye sababu nzito kuliko wimbo. Alikuwa akitembea kutoka stesheni hadi nyumbani akisikia wimbo wake madirishani mwa watu, na kila dirisha lilimchoma.

Katikati ya hayo ikaja barua pepe. Waandalizi wa tamasha kubwa la kantri, lililohamia mtandaoni kwa sababu ya ugonjwa, walimtaka aimbe. Wangemsikia watu wa Australia nzima na Marekani yenyewe. Walitaka wimbo ule tu, na kabla ya kuimba asimulie kisa cha moshi. Jibu lilihitajika kufikia Ijumaa.

"Risp, hii kitu haitokei mara mbili," Muriuki alisema kwenye simu, nyuma yake mashine za ghalani zikilia. "Miaka kumi tumeimbia watu wanakula mbavu. Sasa tumeitwa mezani. Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Mama haongei na mimi, Muriuki."

"Ataongea. Wazee hukasirika wakapoa. Akiona umekuwa mtu mkubwa atafurahi, si ni mama?"

Rispah alimtazama Chibalonza, ambaye alikuwa akikunja nguo na kujifanya hasikii, jambo asilolijua kulifanya.

"Mi niseme?" Chibalonza aliuliza.

"Sema."

"Mama yangu alikufa kule Bukavu mwaka jana. Hata kumuzika sikumuzika, nilimwona ku telefone. Kama angenikasirikia, ningefurahi sana. Mutu mwenye kukasirika iko muzima." Aliweka shati juu ya rundo. "Wimbo, utapata ingine."

Rispah hakulala vizuri, na asubuhi alikuwa ameamua. Alimwambia Muriuki autoe wimbo mtandaoni. Muriuki akalalamika kwa haki yake, kwamba gita ni lake pia, kwamba maji yakimwagika hayazoleki, watu wameshauhifadhi kwenye simu zao. Yote yalikuwa kweli. Mwisho akautoa, kwa sababu chini ya maneno yake mengi Muriuki ni mtu mwema. Rispah akawaandikia waandalizi kwamba hataimba ule, yuko tayari kuimba mwingine. Wakajibu kwa Kiingereza laini kwamba wanaelewa, na kwamba nafasi itabaki wazi hadi Ijumaa endapo atabadili mawazo. Akamtumia Abednego sauti ya kumchezea Mama: "Mama, nimeutoa. Sitauimba tena. Nilikukosea na sina la kujitetea." Hakuongeza neno, ingawa maneno yalikuwepo mengi.

Siku mbili zikapita kimya. Alhamisi, saa sita na nusu mchana, Rispah alikuwa kwenye maegesho ya nyumba ya wazee akila mkate wake ukutani, barakoa ikiwa kidevuni, simu ilipolia. Kinangop ilikuwa alfajiri. Aliona jina akaogopa kwamba kuna msiba.

"Abednego ananiambia umeutoa," Nyakio alisema. "Nani alikuambia uutoe?"

Rispah aliuweka mkate wake kando. Mama yake akaendelea.

"Wakonyo alikuja hapa Jumapili. Miaka thelathini hajavuka kijito kile, amekuja na kiondo cha viazi, akaketi. Nikajua amekuja kunicheka. Halafu akaniuliza, 'Nyakio, moto wako ulikuwa unauwasha kwa kitu gani?' Nikamwambia kwa kuni, kwa nini kingine? Akasema, 'Mimi nilikuwa natia matawi mabichi, ili moshi uwe mzito ufike kwako. Sufuriani mlikuwa na maji na chumvi.'"

"Wakonyo?" Rispah aliuliza.

"Wakonyo huyohuyo. Nikamwambia, wewe angalau ulikuwa na chumvi." Nyakio alicheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye hajacheka siku nyingi na koo limeshasahau. Kisha sauti ikashuka. "Nilimchukia yule mwanamke, Rispah. Harusi ya binti yake sikwenda. Nilikuwa nasema, watu wanaokula hivi, hata kiazi kimoja hawawezi kuvusha? Na yeye anasema hayohayo juu yangu. Watoto wanne huku, watoto wanne kule, wote wanalala na njaa, na katikati kuna maji ambayo mtu anayaruka. Siku zile mimi nilikuwa na viazi vitatu, labda yeye ana viwili. Tungepika chungu kimoja."

Rispah alilia hapo ukutani, na mwenzake aliyepita na toroli la nguo chafu akaona afadhali aangalie kando. Alilia kwa huzuni ya akina mama wale wawili, lakini pia kwa nafuu, maana alidhani limekwisha. Akajipangusa kwa mkono wa sare.

"Basi umenisamehe, Mama?"

Kwenye simu ng'ombe mmoja alilia, akiita kukamuliwa.

"Aibu Wakonyo ameiondoa," Nyakio alisema. "Jana tulikwenda pamoja kupeleka maziwa, na yule dereva alipotucheka alijibiwa na Wakonyo mpaka akazima redio yake. Aibu imekwisha. Kilichobaki ni chako wewe. Njaa ile ilikuwa ya kwangu. Nyinyi mlikuwa watoto, mlilala, mkasahau. Mimi nilikaa nayo macho. Ni kitu pekee nilichokuwa nacho miaka ile, na wewe umekwenda ukakichukua, ukakipeleka kwa watu, hata hukuniambia, Mama, nipe." Akavuta pumzi. "Ungeniomba, ningekupa. Nimewahi kukunyima nini?"

Rispah aliondoka ukutani akapiga magoti kwenye lami. Hakuna aliyemwona ila mzee mmoja dirishani, ambaye alimpungia mkono. Angeweza kusema mengi. Angeweza kusema kwamba alikuwa mgonjwa wa njaa na upweke, kwamba aliutunga kwa mapenzi. Aliyaacha yote.

"Naomba, Mama."

"Unaomba nini?"

"Naomba wimbo."

"Chukua," Nyakio alisema, akakata simu, maana ng'ombe walikuwa hawajakamuliwa.